Paka aliyesusia maji ya sabili

Mesaimeer ni mtaa wa kusini mwa Doha wenye nyumba za kuta ndefu, na nje ya kuta nyingi pamewekwa mashine ya maji baridi. Ni sabili: mwenye nyumba kaiweka kwa sadaka, mpita njia anywe. Ijumaa, waumini wanaokwenda kwenye makanisa ya hapa hapa Mesaimeer hujaza chupa zao humo, na madereva nao hushuka kunawa uso. Chini ya bomba kuna sinia la chuma la kukinga matone, na chini ya sinia kuna kidimbwi kisichokauka hata Julai. Hapo ndipo wanapokunywa paka wa mtaa.

Mmoja wao, jike wa rangi ya chai ya maziwa, alianza kuyakataa maji hayo. Nilimtazama kwa macho yangu. Anakuja polepole, ananusa, anaweka mguu wa mbele kwenye ukingo wa kidimbwi, halafu anaurudisha upesi kama aliyekanyaga kaa la moto. Anautikisa, anaulamba, anavuka barabara kwenda kunywa matone ya kiyoyozi cha jirani.

Aliyeniita ni dada wa Mombasa anayefanya kazi kwenye nyumba yenye mashine hiyo. Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Tanga, na huku ughaibuni ukishajulikana kuwa fundi basi kila kitu chenye waya ni chako. "Kaka fundi," akaniambia, "huyu paka tangu zamani anakunywa hapa. Sasa ona. Mimi nasema ni hicho chumba cha umeme hapo kando. Usiku kinavuma mpaka unakisikia kitandani. Kitakuwa kinatoa mawimbi."

Swali lake si la kijinga. Watu wamekuwa wakiliuliza dunia nzima, na wanasayansi wamelifanyia kazi miaka mingi. Ila jibu linategemea mnyama gani, umeme upi, na yuko umbali gani, na wengi wetu tunalichanganya. Nitaeleza ninavyolijua, kisha nitarudi kwa paka.

Umeme wa Qatar, kama wa Tanzania na Kenya, hugeuza mwelekeo wake mara 50 kila sekunde huku na huko, ndiyo maana unaitwa wa hezi 50. Hayo ni masafa ya chini sana. Redio na simu zinafanya kazi kwa masafa yaliyo juu ya hapo mara maelfu hadi mamilioni. Waya wenye umeme huzungukwa na vitu viwili. Cha kwanza ni uga wa umeme, unaotokana na volti: upo hata kama hakuna kilichowashwa, lakini ukuta, mti au bati lililounganishwa na ardhi huuzuia. Cha pili ni uga wa sumaku, unaotokana na mkondo unaopita: hauzuiliwi na ukuta, ila hupungua haraka ukisogea mbali. Huu wa pili hupimwa kwa maikrotesla. Dunia yenyewe ni sumaku, na uga wake ni kati ya maikrotesla 25 na 65 kutegemea uko wapi. Tofauti ni kwamba ule wa dunia umetulia, wa nyaya unatikisika mara 50 kwa sekunde.

Mtu akisikia neno uga, mawazo yake hukimbilia kwenye nguzo kubwa. Lakini jedwali la Shirika la Afya Duniani linaonyesha kwamba mashine ya kukausha nywele ikiwa sentimita 3 kutoka kichwani inaweza kutoa mpaka maikrotesla 2,000, na ukiisogeza sentimita 30 haizidi 7. Friji, kwa umbali huo wa sentimita 30, haizidi robo ya maikrotesla moja. Chini ya njia kubwa ya kilovolti 400 kwa kawaida utapata maikrotesla chache, pengine zikafika kumi na kitu, na ukitembea mita mia hivi pembeni zinakuwa hazina tofauti na za sebuleni kwako. Kiwango ambacho tume ya kimataifa ya mionzi hii iliwawekea raia mwaka 2010 ni maikrotesla 200. Kwa binadamu, linaloendelea kufuatiliwa ni saratani ya damu ya watoto: mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka uga huu wa sumaku katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, yaani shaka ipo na ushahidi ni hafifu.

Kwa hiyo chumba kidogo cha transfoma cha mtaani, chenye ukuta wa zege na kilicho mita kadhaa kutoka kwenye mashine ya maji, si kitu cha kumfukuza paka kwa nguvu ya sumaku. Mvumo wake je? Ule ni sauti. Chuma cha transfoma hujikunja na kujinyoosha mara mia kwa sekunde, na hiyo ndiyo "ngrrr" anayoisikia dada yangu kitandani. Wanyama wanasikia zaidi yetu: sikio letu linaishia hezi 20,000, la mbwa linafika kama 45,000, la paka linavuka 60,000. Chaja ya bei rahisi au taa yenye swichi ya kupunguza mwanga inaweza kupiga mluzi mwembamba ambao wewe huusikii kabisa na paka wako anausikia kama nzi sikioni. Mnyama wa ndani akikataa kulala kona fulani, chomoa chaja zote za kona hiyo usiku mmoja uone. Ni jaribio lisilo na gharama.

Sasa paka. Nilitoa mita, nikaweka ncha moja kwenye sinia la chuma na nyingine kwenye sakafu yenye maji, hatua moja kando. Ikasoma volti 9. Fundi mwenye haraka angesema imekwisha, tumepata. Lakini mita za kisasa ni nyepesi mno, zinasoma hata kivuli cha umeme kisicho na nguvu. Ukitaka kujua kama umeme huo unaweza kumshtua kiumbe, weka rezista ya ohmu 500 kati ya ncha mbili, maana hicho ndicho kizuizi wanachokitumia wapimaji kuwakilisha mwili wa ng'ombe aliyelowa. Kivuli kitatoweka. Umeme wa kweli utabaki. Wangu ulishuka ukabaki 7. Ukigawa kwa 500 unapata miliampia 14, na umeme huo huo ndio uliomchoma paka kila alipoweka mguu uliolowa.

Nilipofungua mashine (baada ya kuzima swichi yake ndani ya nyumba, na mwenye nyumba akiwa amesimama pale), waya wa ardhi, ule tunaouita athi, ulikuwa umechomoka kwenye skrubu yake umening'inia. Kompresa nayo ilikuwa inavujisha umeme kidogo kidogo kwa unyevu. Watu hawakuhisi kwa sababu wanasimama na viatu vyenye soli kavu. Na swichi ya usalama ya nyumba, ambayo kwa kawaida hukata umeme uvujaji ukifika miliampia 30, haikuwa na sababu ya kukata. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Swichi ile imewekwa kuokoa roho ya mtu, haikuwekwa kwa raha ya mnyama.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanalijua tatizo hili, hata kama hawana jina lake. Wizara ya kilimo ya Marekani ilitoa kitabu kizima juu yake mwaka 1991. Ng'ombe akipata volti moja hadi nne kati ya mdomo na kwato, anaanza kubadilika: anasita kunywa, anakunywa kwa kulamba lamba badala ya kuzamisha mdomo, anahangaika wakati wa kukamuliwa, anarusha teke. Maziwa yanapungua kwa sababu maji yamepungua. Kwetu Tanga, na huko Kiambu na Nyandarua, zizi likishavutiwa pampu ya maji na taa kwa waya wa kuungaunga, mambo haya yanatokea, na mwenye zizi anaanza kumtafuta aliyemroga. Dalili ya kumwonyesha fundi ni hii: ng'ombe wote wanakataa mahali pamoja lakini maji yale yale ukiwapa kwa ndoo ya plastiki mahali pengine wanakunywa. Mgonjwa hukataa maji popote. Anayechomwa na umeme hukataa pale tu.

Bisibisi ya testa haitakusaidia hapa. Taa yake haiwaki kwa volti chache, na kwa mnyama volti chache ndizo habari yenyewe. Ita fundi mwenye mita, mwambie apime kati ya chuma na ardhi mnyama anaposimama, pampu ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Dawa mara nyingi ni rahisi: waya wa ardhi ulio mzima, na vyuma vyote vya mahali hapo, bomba, mageti, nondo za sakafu, kuunganishwa pamoja ili kusiwe na tofauti ya volti kati ya mdomo na mguu. Kwa Qatar, kama hitilafu iko upande wa mtandao, au mlango wa chumba cha transfoma umeachwa wazi, piga 991, namba ya Kahramaa. Usiingie humo kumtoa paka, hata akilia.

Hayo yote ni umeme unaogusa mwili. Sasa tuje kwenye uga wenyewe, bila mguso, maana nisipoeleza nitakuwa nimemnyima dada haki yake. Wapo wanyama unaowabadilisha kweli.

Wa kwanza ni nyuki, na hapa wafugaji wetu watege sikio. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Illinois, Marekani, mizinga iliwekwa chini ya njia ya kilovolti 765. Mizinga ilikosa uzito, nyuki wakajaza gundi yao mlangoni, malkia wakapotea. Lakini mizinga iliyofunikwa wavu wa chuma uliounganishwa na ardhi, pale pale chini ya nyaya, iliendelea vizuri. Majaribio yaliyofuata yakaonyesha sababu: uga wa umeme ulikuwa ukizalisha mkondo ndani ya mzinga, na nyuki waliokuwa wakitembea juu ya masega na mbao zenye unyevu walikuwa wakichomwa. Wavu wa kuku wenye waya wa ardhi ni wa bei ndogo, na unatosha.

Wavu hauzuii uga wa sumaku, na hilo ni suala jingine. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton waliwaweka nyuki kwenye uga wa hezi 50, kuanzia maikrotesla 20, kiasi cha usawa wa ardhi chini ya njia kubwa, hadi 7,000, kiasi anachokutana nacho nyuki anayeruka karibu kabisa na waya. Walijifunza harufu ya chakula polepole zaidi, mpigo wa mabawa ukabadilika, na wachache wakafika kwenye malisho. Mwaka 2023 utafiti wa Chile ukaonyesha jambo lile lile porini: karibu na minara yenye umeme nyuki walikuwa na dalili za msongo mwilini na walitembelea maua machache kuliko kwenye minara isiyo na umeme, na mimea ya hapo ikazaa mbegu pungufu.

Kwa hiyo wewe wa Singida unayepitiwa na njia ya kilovolti 400 ya Iringa hadi Shinyanga, au wewe wa Makueni unayeiona ile ya Mombasa hadi Nairobi, usitundike mizinga ndani ya mkuza wa umeme. Shirika lenyewe halitaki uwe humo. Ukipata nafasi sogea mita mia au zaidi, na elekeza mlango wa mzinga upande wa malisho ili nyuki wasilazimike kuvuka nyaya kila safari. Huna pa kusogea? Wavu na waya wa ardhi, na usiweke mzinga wa bati usiounganishwa na ardhi.

Wa pili ni wanyama wenye dira ndani ya mwili, na hapa hadithi inakuwa tamu kuliko ushahidi. Fuko wa Zambia, yule mchimba mashimo asiyeona vizuri, ana dira kweli: maabarani, mtafiti Hynek Burda na wenzake walimgeuzia uga wa sumaku na yeye akageuza upande anaojenga kiota. Halafu mwaka 2008 kundi la Burda likatazama picha za setilaiti za ng'ombe 8,510 katika malisho 308 ya nchi mbalimbali, likasema ng'ombe hulala na kula wakiwa wameelekea kaskazini na kusini. Mwaka uliofuata wakasema chini ya njia kubwa za umeme mpangilio huo unavurugika. Mwaka 2011 watafiti wengine wakatazama picha zao wenyewe, hawakuona mpangilio wowote, na ugomvi ukaendelea kwenye majarida. Mimi nimekaa na ng'ombe utotoni, na nijuavyo huelekea penye upepo na kumpa jua mgongo. Kundi la Burda likafika hadi kwa mbwa 70 na namna wanavyojipanga wanapojisaidia, kazi iliyolipatia mwaka 2014 ile tuzo ya utafiti wa kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Kama mbwa wako huzunguka mara tatu kabla ya haja, usimlaumu mwenye nguzo.

Ndege nao wana dira. Mwaka huo wa 2014 watafiti wa Oldenburg, Ujerumani, walionyesha kwamba ndege wadogo wahamaji wanaosafiri usiku walipoteza mwelekeo ndani ya mji, na wakaupata tena walipowekwa kwenye vibanda vilivyofunikwa bati la alumini lililounganishwa na ardhi. Watu walisoma kichwa cha habari wakaacha mwili. Kelele iliyowapoteza ilikuwa kati ya kilohezi 50 na megahezi 5, eneo la redio za zamani na vyombo vya umeme vya majumbani. Haikuwa ya nyaya za hezi 50, wala ya simu za mkononi.

Ndege anauawa na nguzo kwa njia ya kawaida zaidi: anatua, mabawa yanagusa waya mmoja na chuma cha nguzo, basi. Njia moja ya umeme ya Port Sudan, iliyojengwa miaka ya 1950, iliua tumbusi weupe kwa miongo. Mwaka 2010 walihesabiwa 17 chini ya nguzo zake, ndege hao wa jamii iliyo hatarini kutoweka duniani, wanaopita hapo kila mwaka kuja Afrika. Njia ile ilizimwa mwaka 2014 na ikawekwa nyingine iliyofunikwa. Hapo hakuna uga wa kutafutwa kwa darubini. Ukiona mizoga ya ndege chini ya nguzo moja, toa taarifa ya nguzo hiyo, na mizoga usiishike kwa mikono.

Baharini ndiko kwenye mabingwa. Papa na samaki aitwaye taa wana vitundu vidogo puani, vimejaa ute, vinavyohisi umeme wa misuli ya samaki aliyejifukia mchangani. Mtafiti Kalmijn alionyesha miaka ya 1970 kwamba wanahisi hata sehemu chache za bilioni moja ya volti katika kila sentimita ya maji. Sisi tumeweka nyaya humo humo: Unguja inapata umeme kwa waya wa kilovolti 132 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, uliozinduliwa 2013, na Pemba kwa waya wa kilovolti 33 kutoka kwetu Tanga tangu 2010. Ganda la chuma la waya huzuia uga wa umeme. Wa sumaku hupita, na maji ya chumvi yanayotembea ndani yake huzaa umeme mdogo ambao taa anaweza kuusikia. Marekani waliwafungia taa wadogo juu ya waya mkubwa wa baharini wa kuelekea Long Island. Waliogelea umbali mrefu zaidi, polepole zaidi, karibu zaidi na sakafu, kama wanaotafuta kitu. Lakini waya haukuwa ukuta, waliuvuka. Mvuvi wa Fumba akiona taa wanazungukazunguka mahali pamoja pasipo na chakula, ana sababu ya kuliangalia.

Hatari moja niimalize haraka maana inaua. Waya ukianguka, ardhi inayouzunguka hupata umeme, na volti hupungua kila hatua. Mnyama wa miguu minne ana miguu ya mbele mbali na ya nyuma, umeme unapanda huku unashuka kule ukipitia moyoni. Ndiyo maana waya ukianguka wakati wa mvua ng'ombe watano wanakufa na mchungaji anabaki hai. Usiende kuwavuta. Kaa mita kumi au zaidi, wazuie watoto, piga simu.

Waya wa athi wa ile mashine niliukaza, kompresa ikabadilishwa wiki ile ile, mita ikasoma sifuri. Paka hakuja. Siku nne nzima alipita upande wa pili wa barabara, akitutazama kama wadaiwa. Siku ya tano dada alimwekea maji kwenye kopo la tuna, akalisukuma kwenye kivuli pekee kilichobaki mchana, na kivuli hicho ni cha ukuta wa chumba cha umeme. Sasa analala hapo hapo, mgongo umeegemea ukuta, na transfoma inavuma nyuma yake.